Makaa ya Mama na Makaa ya Mawe

Mwezi wa Mei 2024, mvua za masika zilipoanza kutulia, nilikuwa kwa kinyozi Kawangware nikingoja zamu yangu. Runinga ya ukutani ilionyesha Mathare: mabati yaliyopindana, godoro lililonasa kwenye mti, mwanamke akiita jina la mtu kando ya mto. Mzee aliyekuwa kitini akaguna. "Haya tumejiletea wenyewe. Miti tumekata tukaimaliza." Kijana aliyekuwa akimnyoa akamjibu, "Mzee wangu, hizi ni siku za mwisho tu." Hapo ndipo alipoingia mama anayeuza makaa kibanda cha pili, akitafuta chenji ya mia tano. Mtu mmoja kwenye benchi akamnyoshea kidole. "Si huyu hapa ndiye anatuletea mafuriko? Na hayo makaa yake."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alitazama vidole vyake vyeusi, akasema, "Mimi nauza mkebe kwa mkebe nilishe watoto," kisha akatoka bila chenji.

Sikusema neno siku ile, na kimya changu kimenisumbua tangu hapo. Nilijua jibu. Nilijua kwamba sayansi inayosema binadamu ndiye amebadilisha tabianchi, sayansi hiyo hiyo, ina uwezo wa kutofautisha kaboni ya mama yule na kaboni ya wengine. Leo nataka kusema nilichopaswa kusema pale kwenye benchi, hata kama ni kirefu kuliko muda wa kunyolewa.

Hapa Nairobi mtu anayekana kwamba hali imebadilika ni nadra. Mwulize dereva wa matatu, mwulize mchuuzi wa Gikomba, mwulize mkulima aliyeleta sukuma wiki Wakulima Market alfajiri: wote watakwambia mvua haziji tena kwa majira yake. Ukiuliza chanzo, wengi watasema ni binadamu. Kwa hiyo tunaonekana tumeshinda ubishi ambao mataifa mengine bado yanahangaika nao. Mimi naona hatujaushinda. Tumekubali jambo bila kujua tumekubali nini, na mtu asiyejua ushahidi humlaumu aliye karibu. Aliye karibu, kwetu sisi, mara nyingi ni maskini.

Nianze na maneno, maana maneno nayo yametupotosha. Vyombo vyetu vya habari hupenda kusema "hewa chafu". Msikilizaji anapata picha ya lori la dizeli likitoa moshi mweusi Jogoo Road, au jaa la Dandora likifuka. Moshi huo ni mbaya, unaua mapafu, lakini siyo unaobeba kesi hii. Hewa ya ukaa, ile ambayo vitabu vya sayansi huiita kaboni dioksidi, haina rangi wala harufu. Gari jipya linalong'aa, lisilotoa moshi hata kidogo, linaitoa kwa kilo. Na tazama neno lenyewe: ukaa ni ndugu wa makaa. Pengine ndiyo maana yule bwana kwenye benchi aliona ni rahisi kumnyoshea mama kidole.

Inafanyaje kazi? Wakulima wa Limuru na Kinangop wanalijua jibu kuliko wanavyodhani. Jalidi inayounguza viazi na majani chai haiji usiku wa mawingu. Inakuja usiku ule ambao mbingu ni safi na nyota zinaonekana hadi ya mwisho. Ardhi iliyopata joto mchana hulirudisha juu usiku, na pasipo mawingu wala unyevu wa kulizuia, joto linakwenda zake hadi alfajiri majani yanaganda. Usiku wa mawingu joto hunaswa njiani na sehemu yake kurudi chini. Hewa ya ukaa inafanya kazi ya namna hiyo hiyo, mchana na usiku, juu ya dunia nzima, ila yenyewe haipiti kama wingu. Sehemu ya inayoongezwa hukaa angani kwa mamia ya miaka.

Haya hayakugunduliwa juzi. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka mitungi ya kioo juani na kuona ule wenye hewa ya ukaa ukipata joto zaidi ya mingine na kuchelewa kupoa. Mwaka 1859, London, John Tyndall alipima kwa chombo alichojitengenezea na kukuta kwamba naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, huliachia joto lipite, ilhali mvuke wa maji na hewa ya ukaa hulinasa. Kisha mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius akakaa na kalamu kwa miezi, akakokotoa joto la dunia lingepanda kiasi gani hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu. Hesabu yake ilitoka juu ya ile ya leo, ambayo hukadiria takriban nyuzi 3 za Selsiasi, lakini mwelekeo aliupata. Mwaka 1896, ndugu msomaji, ndio mwaka ambao reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa. Ilifika hapa mwaka 1899. Hesabu hiyo ilikuwa imeshachapishwa kabla mji huu haujakuwapo.

Kilichokuwa hakijajulikana ni kama hewa hiyo kweli inaongezeka. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na viwanda na misitu. Alikuta chembe kama 315 katika kila chembe milioni za hewa. Vipimo havijakoma tangu hapo, na mwaka 2024 wastani ulipita 420. Je, huenda ni mzunguko wa kawaida? Barafu ya Antaktika imehifadhi viputo vya hewa ya kale, tabaka juu ya tabaka, na wanasayansi wamevisoma hadi miaka 800,000 nyuma. Katika muda wote huo, pamoja na vipindi vya baridi kali na vya joto vilivyopishana, kiwango hakikupata kupita 300. Kabla ya viwanda kilikuwa kama 280.

Na wala hatuna haja ya kutazama Hawaii peke yake. Mlima Kenya, kwenye mteremko ulio zaidi ya mita 3,600 juu ya bahari, kuna kituo cha kupimia hewa kinachoendeshwa na Idara yetu ya Utabiri wa Hali ya Hewa, sehemu ya mtandao wa dunia. Ni Wakenya wanaopanda mlima kwenda kutunza mitambo ile. Watoto wetu wanafundishwa Batian na Lenana ni nani, na sijui ni wangapi wanaoambiwa habari za kituo hicho.

Sasa tufike penyewe. Imeongezeka, sawa. Nani kaiongeza?

Chukulia chama chenu cha kila mwezi. Mweka hazina anasema wewe peke yako umechanga shilingi mia, lakini mfuko umeongezeka hamsini tu. Je, mwanachama mwingine amekusaidia kuchanga? Haiwezekani. Kuna anayetoa. Hesabu ya dunia ndiyo hiyo. Binadamu huachia angani tani bilioni 40 hivi za hewa ya ukaa kila mwaka, na tunajua kwa sababu petroli, gesi na makaa ya mawe huuzwa na kutozwa kodi, na stakabadhi zipo. Angani linabaki takriban nusu. Nusu nyingine imemezwa na bahari na mimea. Kwa hiyo maumbile, ukijumlisha yanachotoa na yanachochukua, ni mtoaji katika mfuko huu, si mchangaji. Mtu akikwambia ni volkano, mwambie Longonot na Menengai na wenzao wote duniani, wa nchi kavu na wa chini ya bahari, hutoa chini ya asilimia 1 ya kile tunachotoa sisi kwa mwaka. Nimewahi kusikia hoja nyingi juu ya jambo hili na sijaona inayoweza kuipita hesabu hii ya mweka hazina.

Wengi hushangaa kusikia lita moja ya petroli hutoa kilo 2.3 za hewa ya ukaa, maana lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito wa ziada hutoka wapi? Hutoka kwenye oksijeni. Kila atomi ya kaboni ya petroli inapoungua hukamata atomi mbili za oksijeni kutoka hewani. Matatu inayounguza lita 40 kwa siku huacha nyuma yake kilo zaidi ya 90 za hewa isiyoonekana, uzito wa kondakta aliyeshiba. Kama maelezo haya ni ya kweli, basi oksijeni angani inapaswa kupungua. Mtoto wa Keeling, Ralph, alibuni njia ya kuipima, na kweli inapungua. Usihofu, imebaki tele na hatutakosa pumzi. Lakini kupungua kwake kunatwambia kuna kitu kinaunguzwa. Hewa ya ukaa ingekuwa inatoka baharini kama soda inayotoa povu, oksijeni isingepungua namna hiyo.

Kinaunguzwa nini? Miti au mafuta? Hapa ndipo mama wa Kawangware anapoingia.

Kaboni inayotokana na viumbe hai ina alama. Miale kutoka anga za mbali hutengeneza huko juu kaboni ya aina ya pekee, kaboni-14, ambayo si thabiti. Kila mmea unaoishi huivuta pamoja na kaboni ya kawaida. Mmea ukifa, kaboni-14 huanza kwisha polepole: baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya 5,730 mingine robo, na ikifika miaka 50,000 hivi haibaki ya kupimika. Mkaratusi uliokatwa mwaka jana una kaboni-14. Gunia la makaa lililotoka Kitui linayo. Lakini petroli, gesi asilia na makaa ya mawe ni mabaki ya viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na hayana hata chembe.

Mwaka 1955 Hans Suess alipima mbao za miti ya enzi za viwanda akakuta kaboni-14 yake imepungua kuliko inavyopaswa. Hewa iliyovutwa na miti hiyo ilikuwa imechanganywa na kaboni mfu. Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliivuruga hesabu kwa kumwaga kaboni-14 mpya angani, lakini mchafuko huo umeshafifia, na kaboni mfu inaendelea kuizimua. Kaboni iliyoongezeka angani haiwezi kuwa imetoka kwenye misitu pekee, wala kwenye jiko. Sehemu yake kubwa ilifukuliwa kutoka chini ya ardhi.

Kiswahili kimeyapa makaa mawili jina moja. Makaa ya mama yana umri wa mti, miaka kumi, ishirini. Makaa ya mawe yana umri ambao akili haiushiki. Mti ukikatwa na mwingine ukapandwa na kukua, kaboni inarudi ilikotoka. Makaa ya mawe yakichomwa hakuna mti wa kuyarudisha kwa muda wowote ambao wajukuu wetu watauona.

Sisemi miti haina kesi. Ukataji wa misitu na mageuzi ya matumizi ya ardhi duniani huchangia kama sehemu moja ya kumi ya hewa ya ukaa inayotolewa sasa, na katika karne ya kumi na tisa mchango wake ulikuwa mkubwa zaidi. Makaa yakichomwa bila kupanda mti mwingine, nayo huongeza. Na kuna hasara isiyohusiana na ukaa: msitu wa Mau ukifyekwa, mito inakauka hata kama tabianchi ya dunia isingebadilika kamwe. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, hoja yake ya kwanza ilikuwa kuni, maji na udongo wa akina mama wa vijijini, na alipoulinda msitu wa Karura alikuwa anaulinda mji huu upumue. Alikuwa sahihi. Tuliomsikiliza tumekosea tulipochukua funzo lake tukaligeuza fimbo ya kumpigia mwanamke mwenye mkebe.

Wapo wanaosema ni jua. Nalipenda swali hili kwa sababu linaweza kupimwa. Jua likizidisha ukali, anga yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Hewa ya ukaa hufanya kinyume: hunasa joto huku chini, na tabaka la juu liitwalo stratosfia hupoa. Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walilitabiri hili mwaka 1967, kabla ya kuwa na vipimo vya kulithibitisha. Baadaye setilaiti na maputo ya hali ya hewa yakaonyesha hivyo hivyo: chini kunapanda, juu kunashuka. Kutoboka kwa tabaka la ozoni kulichangia kupoa sehemu ya chini ya stratosfia, lakini ukipanda juu zaidi, hewa ya ukaa ndiyo inayoongoza. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021. Na setilaiti zinazopima jua lenyewe tangu mwaka 1978 hazijaona likizidi ukali.

Ukipita Ngong Road karibu na Dagoretti Corner, hapo yalipo makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, utaona eneo la kawaida lenye nyasi na vyombo vyeupe. Kutoka hapo hurushwa maputo yanayopanda hadi kwenye stratosfia yakipima joto, unyevu na ozoni. Maelfu ya watu hupita wakiwa wamekwama kwenye foleni, na juu ya vichwa vyao kunapanda kimoja cha vipimo ambavyo dunia hutumia kulijibu swali la jua.

Kuna alama nyingine ambayo mtu anaweza kuihisi mwenyewe: duniani kwa jumla, tangu katikati ya karne iliyopita, usiku umekuwa ukiongezeka joto haraka kuliko mchana. Jua haliwaki usiku. Kinachozuia joto lisitoke ndicho kinachofanya kazi usiku, kama mawingu ya Limuru.

"Lakini Nairobi imejaa saruji," aliniambia rafiki yangu mhandisi, "lazima iwe na joto." Kweli kabisa. Mji ulioanza kama kambi ya reli kwenye kinamasi leo ni mabati, lami na maghorofa, na hivyo vyote hushika joto. Kama ushahidi wetu ungekuwa kipimajoto cha mjini pekee, ningemwunga mkono. Ila zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi limeingia baharini, na huko linapimwa na maboya karibu 4,000 yanayozama na kuibuka katika bahari zote. Bahari haina maghorofa ya Upper Hill. Wavuvi wa Malindi na Kisite wanakumbuka mwaka 1998, matumbawe yalipogeuka meupe na mengi yakafa baada ya maji kupata joto kupita kiasi. Mwaka ule kulikuwa na El Niño kali, nayo ni ya maumbile. Lakini ilipanda juu ya bahari iliyokuwa imeshaanza kuchemka.

Na barafu ya Mlima Kenya? Nitakuwa mwangalifu hapa, kwa sababu ndiyo picha tunayoipenda zaidi. Barafu ya Lewis, iliyopimwa kwa makini kuliko nyingi za nchi za joto, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Ni msiba kwa mlima ambao weupe wake umekuwa kiti cha Ngai. Lakini barafu hizo zilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakati Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi na theluji ikapungua. Joto la binadamu limemaliza kazi. Haliwezi kudai kwamba liliianza peke yake. Mwandishi anayeuweka mlima mbele kana kwamba ndio ushahidi wote anawapa wakanushaji mlango.

Uangalifu wa namna hiyo ndio ulionifanya niwaamini wanasayansi hawa. Mwaka 1988 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake ni hapa Gigiri, pamoja na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, waliunda Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, linalojulikana kwa herufi IPCC. Profesa Richard Odingo wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipata kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wake. Soma ripoti zao kwa mfuatano na utaona watu wasiokimbilia hukumu. Mwaka 1990 walisema haijawezekana kutenga mkono wa binadamu na mabadiliko ya kawaida. Mwaka 1995: ushahidi ukipimwa kwa ujumla, mkono huo unaonekana. Mwaka 2001, yaelekea. Mwaka 2007, yaelekea sana. Mwaka 2013, yaelekea mno. Mwaka 2021 ndipo walipoandika kwamba binadamu ameipasha joto anga, bahari na nchi kavu, na kwamba hilo halina shaka. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 kufika kwenye sentensi ambayo sisi kwenye benchi la kinyozi tuliitamka kwa sekunde tano, na tukamkosea mtu.

Yapo ambayo bado yanasumbua, na mengi yanatuhusu sisi. Mifano mingi ya kompyuta husema Afrika Mashariki itazidi kupata mvua; lakini kwa miongo kadhaa masika yetu yamekuwa yakipungua. Wataalamu wenyewe huliita jambo hili kitendawili. Hata maziwa ya Bonde la Ufa yaliyofurika na kuhamisha watu Baringo na Nakuru, bado watu wanajadili uzito wa kila chanzo.

Kwa ukame wa kuanzia mwaka 2020, misimu mitano mfululizo ikakosa mvua na mizoga ya ng'ombe ikatapakaa Marsabit na Wajir, jibu ni wazi zaidi. Kundi la watafiti la World Weather Attribution, ambamo alikuwamo mtaalamu wa tabianchi Mkenya Joyce Kimutai, lilitangaza Aprili 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliuongezea ukame ule uwezekano wa kutokea kwa takriban mara 100. Sababu kubwa ilikuwa joto: hata mvua kidogo iliyonyesha ilifyonzwa hewani kabla mmea haujainywa.

Kisha yakaja mafuriko ya masika ya 2024, yale niliyoyatazama nikingoja kunyolewa, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini. Watafiti wa kundi hilo hilo waliyachunguza na kusema mchango wa tabianchi ulikuwa mdogo, ongezeko la mvua la kama asilimia 5, tena kwa tahadhari kubwa. Walichokitilia mkazo ni mji wenyewe ulivyokua, na watu wengi kuishi penye hatari. Mikasa miwili, sayansi moja, majibu mawili tofauti.

Hii ndiyo sababu nasema ni lazima tujue ushahidi na si kuuamini tu. Tangu tulipojifunza neno "mabadiliko ya tabianchi", nimelisikia likitumiwa na watu wenye mamlaka kufunika mitaro isiyozibuliwa, vibali vya ujenzi vilivyotolewa kando ya mto, na fedha za maji ya mvua zisizojulikana zilikokwenda. Familia za Mathare zilivunjiwa nyumba zao Mei ile ile, kwa amri ya kuhama kandokando ya mito, wakiwa bado wana matope miguuni. Mtu anayejua tofauti ya ule ukame na mafuriko haya atakuwa na madeni mawili mkononi na kila moja atalipeleka mlango wake. La mitaro atalipeleka kwa wanaotuongoza hapa. La ukame atalipeleka mbali.

Na huko mbali wanajulikana. Marekani peke yake imetoa kama robo ya hewa yote ya ukaa iliyotokana na mafuta na makaa ya mawe tangu enzi za viwanda. Afrika nzima, Misri hadi Afrika Kusini, haizidi asilimia 3 hivi. Kenya ya leo hutoa chini ya asilimia 0.1 ya hewa ya ukaa inayotokana na mafuta na makaa ya mawe duniani, na sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Mtu akisimama kwenye kongamano hapa jijini na kusema "sisi sote ni wakosaji", nasikia uchungu, kwa sababu kaboni-14 haisemi hivyo. Wala hatuna ruhusa ya kuanza ukosaji huo sasa: wakazi wa Lamu walipokwenda kwenye mahakama ya mazingira, na Juni 2019 leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ikafutwa, waliokoa zaidi ya mikoko yao.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni yake Julai 2025 kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuhusu tabianchi, iliegemea kazi ya jopo lile lililozaliwa 1988. Njia ya kudai imefunguka. Lakini anayedai lazima awe na vipimo vyake. Afrika ndilo bara lenye mtandao mdogo kabisa wa vituo vya hali ya hewa, na pasipo rekodi ndefu ya mvua mtafiti hubaki akisema "pengine", na mdaiwa hupenda sana neno hilo.

Nimerudi kwa kinyozi yule mara kadhaa. Mama wa makaa bado yuko kibanda cha pili, na siku moja nilimweleza habari za kaboni-14, kwa ufupi, nikisaidia kufunga gunia. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hivyo wanaweza kujua hii si yangu?" Nikamwambia wanaweza. Akasema basi wangekuja kumwambia yule bwana.

Kaunti itakapoita tena wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, nitakwenda, na nitauliza jambo moja: kati ya Mathare, Mukuru na Kibra kuna vipima mvua vingapi vinavyofanya kazi, nani anavisoma kila asubuhi, na takwimu zake zinawekwa wapi ili yeyote azione.